Jina Si Rundo la Kuni

Nilipoteza mashairi tisa kwa sababu ya nafasi. Sisemi nafasi ya kazi wala nafasi ya kukaa. Nasema ile nafasi nyeupe tuiachayo baina ya neno na neno tunapoandika, ambayo hatuipi heshima kwa kuwa hatuioni. Yaliyonipata yamenifundisha jambo ambalo naamini linawahusu watunzi na wapenzi wa lugha kama linavyowahusu mafundi wa kompyuta, na ndiyo sababu nimeamua kulileta hapa barazani.

Kwa muda wa miaka mitatu nilikuwa nikienda Tanga kwa mzee mmoja, mtunzi wa siku nyingi ambaye hakuwahi kuchapisha diwani. Nilimwita Maalim. Yeye alighani kwa ghibu, nami niliandika. Kila shairi lilikuwa na mafaili mawili katika kompyuta yangu. La kwanza lilikuwa rasimu, yaani shairi kama lilivyotoka kinywani mwake siku ya kwanza, pamoja na makosa ya masikio yangu. La pili lilikuwa nakala safi, iliyopatikana baada ya sisi wawili kukaa kitako, tukahesabu mizani, tukabadili neno hapa na pale, hata mwenyewe akasema, "Sasa limekaa." Rasimu ya shairi la Machozi niliiita "rasimu ya Machozi.txt", na nakala safi nikaiita "Machozi.txt". Mafaili yote yalikaa katika folda moja.

Maalim alipofariki dunia, Mungu amrehemu, wanawe waliniomba mashairi ya baba yao. Niliona si adabu kuwakabidhi na rasimu, wakaanza kusoma makosa yetu ya njiani. Nikaamua kuzifuta rasimu zote, zibaki nakala safi peke yake. Zilikuwa nyingi, nami nilichoka kuzifuta moja moja. Mpwa wangu aliyesomea kompyuta alikuwa amenionyesha matumizi ya dirisha la amri, ile skrini ambayo mtu huandika anachotaka badala ya kubonyeza picha. Basi nikaandika mstari huu:

find . -name 'rasimu*' | xargs rm

Maana yake kwa Kiswahili ni hii: tafuta humu ndani kila faili ambalo jina lake linaanza kwa neno rasimu, kisha majina utakayoyapata mpe mwenzako ayafute. Kompyuta ikanung'unika. Ikaniambia haikuona faili liitwalo "./rasimu". Ikaniambia haikuona faili liitwalo "ya". Malalamiko hayo mawili yakajirudia mpaka yakajaza skrini. Nikadhani amri imeshindwa na hakuna kilichofutwa. Nilipofungua folda nilizikuta rasimu zote zipo salama, haikuguswa hata moja. Nakala safi tisa zilikuwa zimetoweka.

Nilimpigia mpwa wangu simu, naye akanieleza kwa upole. Ile programu ya xargs, niliyoiamini kubeba majina, hukata kila inapoona nafasi. Jina "rasimu ya Machozi.txt" lilifika kwake likawa vipande vitatu: "./rasimu", kisha "ya", kisha "Machozi.txt". Faili la kwanza halikuwapo. La pili halikuwapo. Kompyuta ilikuwa ikinilalamikia kwamba haikuiona a-unganifu! La tatu lilikuwapo, nalo ndilo nakala safi. Programu ya rm, ambayo kazi yake ni kufuta, husema inaposhindwa na hunyamaza inapofanikiwa. Kwa hiyo katika kila malalamiko mawili niliyoyasoma mlikuwamo kimya kimoja, na maafa yangu yalikuwa katika kile kimya. Mashairi yenye majina ya maneno mawili au matatu yalinusurika, maana majina yao nayo yalikatwakatwa yakawa vipande visivyolingana na faili lolote. Yaliyokuwa na jina la neno moja ndiyo yaliyokwenda.

Sita niliyapata katika karatasi nilizokuwa nimezichapa zamani. Matatu yamebaki rasimu. Katika Machozi, utao wa mshororo wa pili wa ubeti wa nne una mizani saba badala ya nane. Maalim alinipa neno la kuziba pengo lile, nikalifurahia, nikaliandika katika nakala safi peke yake. Tangu siku ile nimejaribu maneno mengi. Mizani inatimia, lakini neno si lake.

Tuyatazame haya kwa jicho la sarufi, kwani naona ni jambo la sarufi tangu mwanzo. Dirisha la amri ninalolisema ni urithi wa mfumo wa Unix, ulioanza mwaka 1969 katika maabara za Bell kule Marekani, kwa kazi ya Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao. Linux imefuata njia hiyo, na kompyuta za Mac vilevile. Msingi wake ni kuwa na programu ndogo ndogo, kila moja ikijua kazi moja, kisha kuziunganisha. Mwenzao Doug McIlroy alikuwa amependekeza tangu mwaka 1964 kwamba programu ziungwe kama mtu anavyounga mipira ya kumwagilia bustani, na mwaka 1973 Thompson akaitia fikra hiyo katika mfumo. Alama yake ni kile kistari kilichosimama wima, nami nitakiita bomba. Kinachotoka katika programu ya kushoto hutiririka hadi katika programu ya kulia.

Lakini si kila programu hunywa maji ya bomba. Ziko zinazopokea kinachotiririka na kukifanyia kazi: sort hupanga mistari, wc huihesabu, grep huichuja. Na ziko zisizoonja hata tone. Programu ya rm inayofuta, mv inayohamisha na cp inayonakili ni kama vitenzi elekezi: hutaka shamirisho litajwe papo hapo ndani ya sentensi. Ukiielekezea rm bomba lililojaa majina bila kuitajia jina lolote ubavuni, itakwambia kuna kitu kimekosekana, kama vile mtu aliyeambiwa "futa" akakaa anangoja kuambiwa afute nini. Hapo ndipo xargs inapoingia. Kazi yake ni kuyageuza maandishi yanayotiririka yawe mashamirisho, iyapange nyuma ya kitenzi, kisha ikiamuru kitenzi kitende.

Kazi hiyo yaonekana nyepesi, kumbe ni nzito. Ndani ya bomba hamna majina; mna herufi, nafasi na mistari. Aliyeko mwisho wa bomba ni lazima aamue jina linaanzia wapi na linaishia wapi, na wale walioitengeneza xargs waliamua kwamba nafasi ni mwisho wa jina. Uamuzi huo haukuwa wa kipumbavu. Mafundi wale waliyapa mafaili yao majina mafupi, ya neno moja, mara nyingi yaliyofupishwa hata irabu zikatupwa. Rm yenyewe ni kifupi cha neno. Kwao, nafasi ilitosha kuwa mpaka.

Sisi wenye lugha za Kibantu tulipaswa kuwa wa kwanza kulitilia shaka jambo hilo. Mswahili huandika "nitakupigia", akaweka nafsi, wakati, mtendwa na kitenzi katika neno moja. Mzulu huandika "ngiyakuthanda" kwa neno moja vilevile. Mtswana wa Botswana na Afrika Kusini, ambaye lugha yake ni ndugu wa hizo, akitaka kusema anakupenda huandika "ke a go rata", vipande vinne. Vinywa vyetu vimekaribiana, ila waliotuwekea maandishi walikata mahali tofauti. Hata ndani ya Kiswahili, mmoja huandika "mwana wa mfalme" na mwingine "mwanamfalme", na mtoto anayezungumziwa ni yule yule. Nafasi basi ni mapatano ya waandishi, na mapatano hayafiki kwa asiyekuwapo yalipofanywa.

Watunzi wanalijua hili zaidi. Katika shairi tunahesabu mizani, tunatazama vina, tunatenga ukwapi na utao, tunamaliza mshororo, tunafunga ubeti kwa kituo. Sijasikia mtunzi akihesabu nafasi. Wanakili wa zamani walioandika tenzi kwa hati za Kiarabu walikuwa na desturi ya kutenga vipande kwa alama maalumu, alama ambayo si herufi wala si sehemu ya neno lolote, ili msomaji aone kina kinapoangukia. Naomba alama hiyo ibaki akilini mwako, msomaji, kwani nitairudia.

Nafasi ina mwenzake anayeniudhi zaidi, naye ni ritifaa. Programu ya xargs, ikiachwa na tabia zake za asili, huichukulia ritifaa kuwa mwanzo wa nukuu, ikakaa inangoja ritifaa ya pili ya kuifunga. Sasa tazama balaa linalotupata sisi. Faili likiitwa "Wimbo wa ng'ombe.txt", xargs itafika kwenye ng', itaona nukuu imefunguliwa na haikufungwa, itagoma kuendelea. Faili likiitwa "ng'ombe wa ng'ambo.txt", jambo huwa baya zaidi, maana haigomi. Inaziona ritifaa mbili, inadhani ni nukuu iliyofunguliwa na kufungwa, inaziondoa zote mbili kama mtu anayemenya ganda, kisha inamtafuta "ngombe wa ngambo.txt". Kitu hicho hakipo katika folda, wala hakipo katika Kiswahili.

Hapa hatuzungumzii pambo. Katika Kiswahili ng' ni sauti kamili, na ritifaa ni kiungo cha maandishi yake. Kung'oa ni kutoa kitu na mizizi yake. Ngoa ni ile tamaa na wivu ambao washairi wa pwani wameulilia tangu zamani. Ondoa ritifaa, na mwenye kung'oa atabaki na ngoa. Wataalamu waliohifadhi tungo za Mombasa wametumia ritifaa hata kwa sauti za mpumuo, wakatofautisha p'aa wa mwituni na paa la nyumba. Chombo kinachoimeza ritifaa bila kuuliza kinameza fonimu.

Mtu ataniambia, "Ndugu, dawa ni rahisi. Usiweke nafasi katika jina la faili, weka kistari cha chini. Usiweke ritifaa, andika ngombe. Sote ndivyo tunavyofanya." Ushauri huu nimeusikia kwa wengi, na wanaoutoa hawana nia mbaya. Kwa faili la bili za umeme naukubali. Kwa mashairi naukataa, na sababu zangu ni mbili.

Sababu ya kwanza ni kwamba jina la shairi ni sehemu ya shairi. Maalim hakunipa "machozi_ya_mnazi". Alinipa jina lenye mapumziko yake. Mimi ni mchukuzi tu wa tungo zake, na mchukuzi hana idhini ya kuukata mzigo ili uingie katika kikapu chake. Sababu ya pili ni ya mazoea. Tayari katika simu zetu ng' inazidi kuandikwa ng kwa kuwa ritifaa iko mbali na kidole. Tukianza na majina ya mafaili, tutaendelea na vichwa vya mashairi, kisha na mashairi yenyewe, mpaka vijana wetu waamini kwamba ritifaa ni uchafu wa kusafishwa. Chombo ni chetu kukifundisha adabu ya lugha, kabla hakijatufundisha sisi kusahau.

Na habari njema ni kwamba chombo hiki kinafundishika. Katika mfumo wa Unix, jina la faili linaweza kuwa na kila baiti isipokuwa mbili tu. Ya kwanza ni mkwaju, ambao hutenga folda na folda. Ya pili ni baiti ya sifuri, baiti tupu isiyo na herufi. Nafasi yaruhusiwa, ritifaa yaruhusiwa, hata kukata mstari katikati ya jina kwaruhusiwa, ijapokuwa sijui nani angetaka. Mkwaju wenyewe unahitajika ndani ya njia ya kulifikia faili, kwa hiyo hauwezi kuwa mpaka baina ya njia na njia. Inabaki sifuri peke yake. Ndiyo alama pekee ambayo haiwezi kamwe kuwa sehemu ya jina, na kwa hiyo ndiyo alama pekee inayofaa kusimama baina ya majina. Mstari wangu ulipaswa kuwa hivi:

find . -name 'rasimu*' -print0 | xargs -0 rm

Neno -print0 humwambia mtafutaji aweke sifuri kila anapomaliza kutaja jina. Neno -0 humwambia mpokeaji akate penye sifuri tu, na kila kitu kingine akichukue kilivyo: nafasi, ritifaa, mabano, vyote. Hii ndiyo ile alama ya wanakili wetu wa tenzi, alama iliyo nje ya maneno ili maneno yabaki mazima. Kwa miaka mingi njia hii ilipatikana katika matoleo mengi ya mfumo, ingawa haikuwa ndani ya kiwango rasmi. Toleo la mwaka 2024 la kiwango cha POSIX, ambacho ndicho kinachoeleza mifumo ya aina ya Unix ifanyeje kazi, limeikubali. Haki ya jina kufika zima sasa imeandikwa.

Mwenye kutumia njia hii azingatie mpangilio wa maneno. Programu ya find husoma masharti yake kutoka kushoto kwenda kulia, na hutenda papo hapo inapofikia kitendo. Ukiandika -print0 kabla ya -name, itayataja mafaili yote kwanza, kisha ndipo ikumbuke kuuliza ni lipi linaanza kwa rasimu, wakati yote yamekwisha kuingia bombani kwenda kufutwa. Maneno ni yale yale, na maana imegeuka. Mwanafunzi wa sarufi hatashangaa.

Iko njia nyingine isiyohitaji bomba kabisa:

find . -name 'rasimu*' -exec rm {} +

Hapa find yenyewe ndiyo inayokiita kitenzi. Mabano mapacha {} ni kiwakilishi: husimama mahali pa jina kama vile "yeye" linavyosimama mahali pa Juma. Kijumlishi cha mwisho chasema majina mengi yakusanywe katika wito mmoja, ukiweka \; badala yake, kila jina litaitiwa kitenzi peke yake, kwa zamu. Uzuri wa njia hii ni kwamba jina halipiti bombani, halimwagwi likawa maandishi matupu na kukusanywa tena. Linatoka mkononi mwa find na kutua mkononi mwa rm. Kwa kazi ya hatua moja, naipenda hii kuliko nyingine zote.

Bomba hata hivyo halina mbadala pale kazi inapokuwa na hatua nyingi. Chukua mfano wa mpenzi wa lugha anayetaka kujua neno ngoa limetumika katika mashairi gani ya mkusanyiko wake, na kila shairi lina mistari mingapi:

grep -rlZ 'ngoa' . | xargs -0 wc -l

Mtafutaji hapa ni grep, anayetazama yaliyomo ndani ya mafaili badala ya majina yao. Herufi Z ndiyo inayomwambia aweke sifuri baada ya kila jina. Angalia kwamba mapatano ni lazima yawe ya pande zote mbili. Mtoaji akiweka sifuri na mpokeaji hana habari, au mpokeaji akingoja sifuri na mtoaji anatoa mistari, kazi itaharibika. Ukiingiza programu ya tatu katikati, nayo iambiwe, kama sort inavyoambiwa kwa -z. Ni kama majibizano ya malenga: mmoja akibadili bahari katikati ya mashindano bila kuwaarifu wenzake, kinachofuata si utungo tena.

Jambo jingine dogo limewahi kunipotosha. Programu ya xargs haibebi majina yasiyo na kikomo kwa mkupuo mmoja. Yakiwa mengi huyagawa mafungu. Ile ninayoitumia mimi, ya GNU, kwa kawaida hujiwekea kikomo cha baiti 131,072 kwa fungu. Kwa kufuta au kuhamisha haidhuru. Lakini ukitaka jumla ya mistari ya mkusanyiko mkubwa kwa wc, kila fungu litatoa jumla yake, nawe ukisoma ile ya mwisho ukadhani ndiyo jumla kuu, utakuwa umewanyima mashairi watunzi nusu. Dawa ni kuyaunganisha kwanza yote kwa cat, kisha kuhesabu mara moja:

find . -name '*.txt' -print0 | xargs -0 cat | wc -l

Ritifaa nayo ina fumbo lake la mwisho. Simu na programu nyingi za kuandikia huibadilisha ritifaa iliyonyooka ikawa ile iliyopinda, na kwa macho yetu ni ile ile. Kwa kompyuta ni alama mbili tofauti, na iko hata ya tatu ambayo mpango wa Unicode unaihesabu kuwa herufi badala ya alama ya uakifishi. Iliyopinda haiisumbui xargs. Ila ukimtafuta ng'ombe kwa ritifaa iliyonyooka, hutamwona aliyeandikwa kwa iliyopinda, nawe utasema shairi halimo kumbe limo. Mimi nimechagua iliyonyooka kwa mkusanyiko wangu wote, na ninapotafuta katika makusanyo ya wengine huandika 'ng?ombe*', ambapo alama ya kuuliza husimama badala ya herufi yoyote moja. Ingefaa sana wenye makusanyo tukubaliane juu ya jambo hili, kama waliotutangulia walivyokubaliana juu ya tahajia.

Mwisho wa mafundisho ni desturi ninayoishika sasa kama udhu. Kabla ya kuandika rm, naandika amri isiyodhuru mahali pake:

find . -name 'rasimu*' -print0 | xargs -0 -n 1 echo

Kila kitakachofikiwa na kitenzi hutajwa katika mstari wake. Lau ningalifanya hivyo siku ile, kwa bomba lile lile lisilo na sifuri, ningaliliona neno "ya" limekaa peke yake katika mstari, halina kabla wala baada, nami mwanafunzi wa lugha ningalijua mara moja kwamba kuna jina lililokatwa.

Najua wako watakaosema kwamba haya si ya mshairi, mshairi atunge na fundi ahifadhi. Nami nauliza: ni nani leo mnakili wa mashairi yetu? Zamani mnakili alijua karatasi, wino na mchwa, na alijua pia vina na mizani, na ujuzi wote huo ulikaa katika kichwa kimoja. Fundi asiyejua kwamba ng' ni sauti moja hataona hasara ritifaa ikianguka. Mshairi asiyejua bomba linafanya nini hatajua kwamba ritifaa imeanguka. Baina ya wawili hao ndimo mashairi yanamopotelea, na yangu tisa yalipotelea humo. Kosa lilikuwa langu, sikujua nilichokishika. Ndiyo maana nawasihi wenzangu wenye mafolda ya tungo za wazee wajifunze hii mistari michache kabla hawajaihitaji.

Wana wa Maalim nimewakabidhi kila nilichonacho. Katika Machozi, ubeti wa nne, nimeacha mizani saba kama zilivyo katika rasimu, na pembeni nimeeleza kwamba hapa palikuwa na neno la marehemu. Sikulijaza. Na kwa kuwa makala ya watunzi hayapendezi bila ubeti, nafunga kwa huu wangu:

Jina si rundo la kuni, si haki kupasuliwa,
Lipokee mkononi, kama lilivyotolewa,
Lipite humo bombani, hadi kule latakiwa,
Na alama ya mwishoni, msije mkaitowa.